Miguu Iliyoacha Kuuma

Yaya, dada yangu mkubwa, alishuka kwenye boti ya Zongwe siku ya Jumatano, gunia la ndagala, dagaa wakavu, kichwani, ndala mkononi. Mkononi, si miguuni. Akapanda kutoka ziwani mpaka kwangu pekupeku, juu ya changarawe na vipande vya chupa, na kabla sijamtua mzigo akaniambia, meno yote nje, kwamba miguu yake imepona. Haichomi tena. Majani yake yamefanya kazi. Ijumaa tupike, tusome dua, tumshukuru Mungu hapa kwangu, maana mimi njo mwenye uwanja mkubwa.

Nilikasirika mpaka masikio yakaanza kuvuma.

Dada yako mkubwa, yaya yako, mtu aliyekubeba mgongoni, anakuambia amepona, na wewe unamtazama kama amekuletea habari ya msiba. Hata "alhamdulillahi" haikunitoka. Akaweka mikono kiunoni. "We mudogo, uko na roho gani?" Roho ninayo. Nina roho na nina vidole vitatu kwenye mguu wa kushoto, na vile viwili visivyokuwepo njo vinanipa haki ya kukasirika mbele ya mtu yeyote anayeniambia miguu yake imeacha kuuma.

Wacha nieleze tangu mwanzo, kwa sababu hapa mtaani wanasema nimekuwa mkali bila sababu, eti ugonjwa umenipanda kichwani.

Mimi ni fundi wa kushona. Mashine yangu ni ya miguu, ile ya zamani ya chuma nzito, na tangu nimeolewa hapa Kalemie nimekaa nayo barazani, nikikanyaga, nikishona vitenge vya harusi na sare za shule. Miguu njo mkate wangu. Kwa hiyo ilipoanza kunisumbua nilijua mapema kuliko mtu mwingine. Kwanza ikawa kama wadudu wanatembea chini ya ngozi ya nyayo. Nikawa ninavua kiatu kutafuta, hakuna kitu. Halafu ikaanza kuchoma. Pilipili. Kama mtu amenisugulia pilipili ya kusaga kati ya vidole na kunifunga nayo. Mchana nilistahimili, kazi inasahaulisha. Nikilala, shuka lenyewe likigusa kidole, nilitamani kuukata mguu mwenyewe.

Na nani alinisadiki? Nilikuwa ninawaonyesha miguu, wanaiinamia, wanaigeuza, wanauliza: "Sasa iko wapi kidonda? Mbona haina kitu?" Mtu ambaye jino lake likimuuma anataka mtaa mzima usimame, huyohuyo ananiambia miguu yangu haina kitu. Mmoja akasema ni baridi ya ziwa. Mwingine akasema tension, ile presha ya damu. Mwingine akasema ni uzee, wakati yeye mwenyewe ananizidi umri. Na wengi, wengi kabisa, walisema nimekanyaga kitu. Kuna mtu amenitegea dawa njiani kwa wivu wa kazi, nifikiri ni nani. Mama yetu naye alikufa na kidonda cha mguu kilichokataa kufunga, na mpaka leo kuna jamaa upande wa Moba anayebeba lawama ya mguu ule.

Mimi nilikuwa na sukari. Nilijua. Kwenye kituo cha afya walinipima wakaniambia, Mama, uko na sukari, acha soda, acha chai ya sukari, mukate kidogo. Basi. Nikaacha soda. Nikawa ninakunywa chai chungu kama adhabu na nikajiona nimemaliza kazi. Hakuna aliyefungua kinywa kuniambia kwamba sukari ikikaa katika damu miaka inakula mishipa, na si ile ya damu peke yake, ila pia ile myembamba ya kuhisi, na kwamba inaanza kula mbali, huko kwenye ncha za vidole vya miguu, halafu inapanda polepole. Walikuwa na midomo. Walikuwa na muda pia, niliwaona wakiongelea mpira. Kusema "Mama, chunga miguu" kungewachukua muda gani?

Basi akaja yaya. Yeye ameolewa Zongwe, anakausha ndagala na kuzileta hapa kuuza, na anajua majani. Alileta ya kwake yamefungwa kwenye kipande cha wavu, akayachemsha, akachanganya na mawese, akanikanda. Sitasema uongo, mikono yake ni mizuri. Alinikanda jioni kwa jioni kila alipokuja, na alipoondoka aliniachia chupa. Miezi ikapita. Pilipili ikawa inapungua. Leo kidogo, wiki ijayo kidogo zaidi. Mpaka asubuhi moja nikaamka, nikakaa kitandani, nikangoja miguu ianze fujo yake. Kimya.

Nililia kwa furaha. Nikampigia simu yaya, naye akalia. "Mikono yangu hii," akasema. Akapanda boti ya kwanza.

Kwetu, nyumba za Waislamu wa ziwani, au tuseme katika ukoo wetu, sitaki kusemea wengine, mgonjwa aliyepona hakai kwenye kiti akahudumiwa. Anapika mwenyewe. Wale waliokuja kumtazama akiwa kitandani, anawalisha kwa mkono wake, ili waone kweli amesimama. Bibi alifanya hivyo, mama alifanya hivyo, nami nikafanya. Tukatandika mikeka uwanjani, viatu vyote vikaachwa mlangoni, wanaume wakakaa ndani kusoma, na mimi nikasimama pekupeku mbele ya mbabula kubwa, jiko la makala, yaani makaa, lililokatwa kwenye pipa, ninageuza pilau. Nilikuwa nimevaa vizuri. Nilikuwa ninasimulia hadithi, nakumbuka, habari ya bibi harusi aliyenenepa kati ya kupimwa na kuvaa.

Yaya akavuta pua. "Nani anaunguza kichwa cha mbuzi?"

Wanawake wakacheka, wakasema mbuzi hana kichwa leo, kimeshakwenda kwa imamu. Nikacheka nao. Harufu ikazidi. Mke wa kaka yangu, aliyekuwa anapitisha sahani, akatazama chini, uso ukambadilika, akanivuta mkono kwa nguvu mpaka mwiko ukaanguka. Kaa la moto lilikuwa limedondoka kutoka kwenye mbabula na mimi nilikuwa nimesimama juu yake. Nilipoinua mguu ulikuja nalo, limeng'ang'ania.

Sikusikia kitu. Naapa, hata joto. Nilikuwa ninautazama mguu ule kama wa mtu mwingine.

Yaya akamwaga maji. Halafu, sikilizeni, kuna mama mmoja pale akanyoosha mikono juu akasema ni muujiza, moto haumuumi, Mungu amemponya mpaka moto hauwezi kumgusa. Na watu wakaitika. Wakapiga vigelegele. Mimi nimetobolewa unyayo na wao wanapiga vigelegele. Leo nikimkuta mama yule sokoni ninavuka barabara, maana sijui mdomo wangu utafanya nini.

Kwa kuwa haikuuma, nilifunga kitambaa, nikapakua chakula mpaka mtu wa mwisho. Kesho yake nikarudi kwenye mashine. Haikuuma kesho kutwa. Haikuuma wiki nzima. Niliona kitambaa kinaloana nikabadilisha kitambaa. Aliyenipeleka hospitali mwishowe ni mume wangu, na si kwa sababu nililalamika, ni kwa sababu harufu ilikuwa imeingia kwenye nguo za wateja.

Munganga wa hospitali alikuwa mtu mfupi mwenye sauti kubwa. Akaufungua mguu, akaniuliza kwa nini sikuja mapema.

"Haikuuma, dokta."

"Njo tatizo lenyewe, Mama." Akavuta kiti. "Simu yako ikiwa na rezo mbaya, mtandao dhaifu, inafanya nini? Inakoroma, inakatakata, inapiga kelele. Ule moto wa miguu ulikuwa hivyo. Mishipa ilikuwa inaharibika, inapiga kelele. Sasa rezo imekufa kabisa. Simu haiiti tena. Na wewe ukasema umepona."

"Tulipika pilau," nikamwambia.

Akanitazama. Ninafikiri alitaka kucheka, au kulia, sijui. Ningekuwa na kiatu ningempiga nacho. Si kosa lake, lakini ningempiga. Miaka yote ile wananipima damu, wananiambia habari ya soda, na mtu wa kwanza kunieleza miguu yangu ananieleza ikiwa imeshaoza.

Walikata vidole viwili na kipande cha nyama chini yake. Nikakaa miezi bila kukanyaga chini, mashine imefunikwa kwa kitenge barazani kama maiti, wateja wakahamia ng'ambo ya barabara. Kukanyaga hakuruhusiwi, Mama, aliniambia munganga. Kidonda cha mguu usiosikia kinapona tu kikiacha kubeba mtu. Na mtu asiyesikia maumivu hakumbuki kutokanyaga, kwa hiyo mume wangu aliviondoa viatu vyote karibu na kitanda, akaniwekea kengele ya baiskeli. Nilimpigia kengele kwa hasira nyingi kuliko haja, masikini, na hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Tangu hapo ninaishi na miguu yangu kama na wageni wasiosema wanachotaka. Kila asubuhi ninaitazama. Nyayo siwezi kuziona kwa kuinama, kwa hiyo nina kioo cha pikipiki, kile cha pembeni, ninakiweka sakafuni na kuupitisha mguu juu yake taratibu: kisigino, katikati, kati ya kidole na kidole. Maji ya kutawadhia ninayapima kwa kiwiko, sithubutu kuyapima kwa mguu, na nikimaliza ninafuta kati ya vidole kwa kitambaa kikavu mpaka pasibaki unyevu. Kiatu kabla ya kukivaa ninakikung'uta na kuingiza mkono ndani. Siku moja jioni nilivua nikakuta kifungo cha shati. Nilikuwa nimeshona nacho kutwa nzima, unyayo umebonyea shimo la duara, na sikujua.

Pekupeku sitembei, hata chumbani, hata kwenda chooni. Nikienda kwa watu ninabeba viatu vingine kwenye mfuko, safi, visivyokanyaga nje, navivaa mlangoni. Na bado wananong'ona: anaingia kwenye mikeka na viatu, amekuwa mzungu. Zamani nilikuwa ninaeleza. Sasa ninaingia tu.

Na moto haukuisha, hicho njo kinachonitia wazimu. Umehama. Chini kumekufa, lakini juu ya kifundo cha mguu, pale ambapo mishipa bado inapigana, pilipili ipo. Munganga amenipa kidonge cha jioni, akaniambia ukweli kwamba hakiponyi, kinatuliza tu, na dawa kubwa ni kuishusha sukari na kuizuia isipande, ili kilichobaki kibaki. Ninapima. Ninatembea na viatu vyangu mpaka upande wa stesheni na kurudi. Mashine ninaikanyaga kwa kuisikiliza, maana miguu hainiambii kama inakwenda. Ninatega sikio kwenye mkanda na jicho kwenye gurudumu. Ile pilipili ya juu ya kifundo ikiamka ninatukana kwanza, halafu ninamshukuru Mungu. Munganga aliniambia penye kuuma bado pana uhai.

Kwa hiyo mnielewe. Mtu aliyeniletea majani, mtu wa damu moja na mimi, aliyepimwa kwenye kituo cha afya cha Zongwe, akakutwa na sukari, na akasema ni maneno ya watu wa vidonge, anashuka kwenye boti ananiambia miguu yake haichomi tena. Naye aliniambia mwaka mzima kwamba inachoma. Nilimwomba aje hospitali. Kila nikimwomba: "Nitakuja ndagala zikipungua." Ndagala hazipungui.

Jumatano jioni tuligombana. Alhamisi tuligombana tena huku tunachambua mchele. Nilimkumbusha kaa la moto. Akasema mimi sikuumizwa na ugonjwa, niliumizwa na kaa, na kaa linaweza kumwangukia yeyote. Nilimwambia habari ya mishipa. Akasema mishipa yake iko sawa kuliko yangu, na atanithibitishia: kule Zongwe, saa sita, jua likiwa kichwani, wanawake wakienda kugeuza ndagala wanarukaruka kwenye mchanga kama kuku, wanakimbilia kivuli. Yeye siku hizi anatembea katikati yao taratibu, peku, anageuza ndagala mpaka mwisho wa ufuko. "Wananiita mama wa chuma," akasema. Alisema kwa fahari kabisa.

Mchele ulinimwagika. Chini ya hofu hasira ikapanda tena. Nilimwona kwenye mchanga ule. Jumamosi angerudi huko huko, na mimi nisingekuwepo na kioo changu. Nilimwambia aniachie nimtazame nyayo. Akaficha miguu chini ya kitenge kama msichana. "Wewe unataka tu niwe kama wewe," akasema. Neno lile lilinichoma mahali ambapo bado panasikia, na nilitoka nje nisije nikamjibu.

Ijumaa, baada ya swala, akaanza kutandika mikeka. Wanawake wawili wa jirani walikuwa wameshafika na visu vyao vya vitunguu. Mbabula imejazwa makala, kiberiti kiko juu. Nikakichukua kiberiti nikakitia kwenye kifua cha nguo yangu.

"Hapa hapawashwi moto," nikasema, "mpaka yaya anipe miguu yake."

Wanawake wakatazamana. Yaya aliinamisha uso kwa aibu, na mimi pia niliona aibu, na sikujali. Nikamwambia akae kwenye kigoda, afumbe macho. Nitamgusa vidole, kimoja kimoja, kwa ncha ya kidole changu, na yeye aseme nimegusa kipi. Akivijua vyote nitapika mimi, nitamwomba radhi mbele ya watu, na sitamtajia munganga tena mpaka tunazikwa.

"Na mbuzi utachinja," akasema.

"Na mbuzi nitachinja."

Akakaa. Akapandisha kitenge mpaka magotini, akaniletea miguu mbele, imepasuka visigino, imeshika chumvi ya samaki. Akafumba macho, akainua uso juu, anatabasamu, kwa sababu alikuwa na hakika. Wanawake wakasogea. Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikagusa kidole gumba cha kulia. Nikangoja. Nikagusa kinachofuata. Nikangoja. Mmoja wa wanawake akajiziba mdomo kwa mkono. Nikaenda polepole, nikimpa nafasi, nikiomba kwa Mungu aseme neno lolote, hata akosee. Mguu wa kulia ukaisha. Nikahamia wa kushoto, na sasa sikuwa nagusa tena, nilikuwa nabonyeza. Kidole cha mwisho nilikishika kwa vidole viwili na kukibana kwa kucha mpaka ngozi ikawa nyeupe.

Yaya akacheka kidogo, macho bado yamefumba.

"Anza basi, mudogo," akasema. "Ninakungoja."